STIMA YA JUA NA UPEPO: NI RAHISI, LAKINI JE, YATEGEMEKA?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu



Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala. Hoja ilikuwa hii: "Kenya ifunge mara moja mitambo yote ya stima inayochoma mafuta, tubaki na maji, mvuke, upepo na jua." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono, na nilijitayarisha vilivyo. Nilizungumza juu ya moshi na juu ya mafuta yanayonunuliwa ng'ambo kwa dola, nikamalizia kwa kusema kwamba jua halimtumii mtu bili. Makofi yalikuwa mengi. Nikakaa chini nikijiona nimeshinda.

Kisha akasimama ndugu mmoja wa Kidato cha Nne. Hakuhutubia. Aliuliza swali moja tu: "Dada, saa mbili usiku watu wote Changamwe wamewasha taa na televisheni. Hilo jua lako saa hiyo liko wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikuwa na jibu, na upande wetu ukashindwa.

Huenda ningelisahau swali hilo lau si mambo ya nyumbani. Wiki hiyohiyo mamangu alikuwa amepokea pesa zake za chama, na alikuwa akifikiria kununua sola kwa ajili ya friza yake ya biashara. Akaniuliza, "Wewe unayesoma, niambie. Hii sola itanifaa au nitatupa pesa baharini?" Shuleni nikikosea nachekwa tu. Nyumbani nikikosea, zinapotea pesa za mama. Kwa hivyo nilianza kusoma na kuuliza, na makala haya ndiyo niliyoyapata. Nimechelewa kumjibu yule ndugu, lakini kawia ufike.

1. MEGAWATI SI YUNITI

Kosa langu la kwanza katika mjadala lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Nilisema, "Kule Langobaya, Malindi, kuna kituo cha sola cha megawati 40 kilichoanza kazi Desemba 2021. Jengeni vingine kama hicho, mfunge Kipevu." Kumbe megawati ni uwezo tu, si kazi iliyofanyika.

Fikiria matatu ya viti 14 itokayo Changamwe kwenda mjini. Viti ni 14 kutwa nzima, lakini asubuhi imejaa pomoni na saa nane mchana inakwenda na watu watatu. Ukitaka kujua inaleta pesa ngapi huhesabu viti, wahesabu abiria. Viti ndivyo megawati, na abiria ndio yuniti. Yuniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa nzima, na hiyo ndiyo tunayoinunua kwa tokeni.

Basi tupige hesabu. Mtambo wa megawati 40 ukifanya kazi usiku na mchana bila kupumzika, ungetoa yuniti 960,000 kwa siku (40 x 1,000 x 24). Lakini jua letu huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili. Asubuhi na jioni ni dhaifu, na katikati mawingu hupita. Kwa hiyo kituo cha sola hupata kiasi cha robo tu ya hesabu hiyo, yaani yuniti 240,000. Vinu vya upepo sehemu nyingi duniani hupata kama theluthi, ingawa vile vya Turkana hupata zaidi kwa sababu ya upepo wa huko. Mitambo ya mvuke wa ardhini huweza kupita sehemu nane katika kumi.

Hivyo mtu akikwambia kituo fulani ni cha megawati kadha, muulize maswali mawili: Hutoa yuniti ngapi kwa mwaka? Na huzitoa saa ngapi? Swali la pili ndilo zito, kwa maana Kenya hutumia stima kwa wingi zaidi jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Usiku wa manane matumizi hushuka sana.

2. VYANZO VINNE, TABIA NNE

Wengi wetu hudhani Kenya ndiyo kwanza inaanza mambo ya kawi isiyokwisha. Sivyo. Kwa miaka ya karibuni, katika kila yuniti kumi tunazotumia, karibu tisa hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Lakini vyanzo hivi havifanani tabia.

(a) Maji. Mto Tana, huu humwagikao baharini Kipini, una vituo vitano vinavyofuatana: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Masinga ndilo ghala kubwa la maji ya vituo vilivyo chini yake. Uzuri wa maji ni kwamba yanatii. Ukitaka stima sasa wafungua, ukiwa huihitaji wafunga, na maji yanangoja bwawani. Gharama ya kujenga ilikwisha kulipwa zamani, kwa hiyo hii ni katika stima rahisi kabisa tuliyo nayo.

Ubaya wake ni ukame. Mvua zilipokosekana mwaka 1999 na 2000, Kenya ilipata shida kubwa. Mwaka 2000 stima iligawiwa kwa zamu, na mitambo ya dizeli ikakodiwa haraka kutoka nje kwa bei ya juu. Mwaka 2009 ukame ulirudi na maji ya Masinga yakashuka mno. Kisha mwaka 2024 mvua zikanyesha hadi mabwawa ya Tana yakafurika. Maji ni kama mvuvi hodari: kuna mwaka wa neema na mwaka wa njaa, na humjui atakaloleta kesho.

(b) Mvuke wa ardhini. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima huchimbwa hata kilomita tatu kwenda chini, na mvuke wa moto hupanda kuzungusha mitambo. Kituo cha kwanza kilianza mwaka 1981. Leo Kenya ni ya kwanza katika Afrika kwa stima ya aina hii, na sehemu kubwa ya stima yetu hutoka huko. Mvuke haujali usiku wala mchana, kiangazi wala masika.

Basi mbona tusichimbe visima kila mahali? Kwanza, mvuke huo uko Bonde la Ufa, si kila pahali. Pili, kisima kimoja hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, na waweza kuchimba usipate mvuke wa kutosha. Pesa zote hutakiwa mwanzo, kabla hujauza hata yuniti moja, na mara nyingi ni mkopo wa fedha za kigeni. Shilingi yetu ikianguka, deni linavimba. Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na ndiyo maana kwenye hesabu ya tokeni kuna mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni. Kumbe hata stima isiyonunua mafuta yaweza kupandishwa bei na dola!

(c) Upepo. Sisi wa pwani tusifundishwe upepo. Babu zetu waliujua kwa majina. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi ikayarudisha katikati ya mwaka. Hakuna nahodha aliyesema, "Upepo hautegemeki." Alisema, "Upepo una msimu wake," akapanga safari yake kwa msimu huo.

Kituo kikubwa cha upepo nchini kiko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Kina vinu 365, kila kimoja cha kilowati 850, jumla megawati 310. Vinu hivyo vilishushwa hapa hapa bandarini Mombasa, vikasafirishwa kwa malori kiasi cha kilomita 1,200. Upepo wa kule una tabia moja ya ajabu: huvuma sana usiku hadi alfajiri, wakati Wakenya wengi wamelala na stima haitakikani kwa wingi. Jioni, saa ya kilele, waweza kuwapo au usiwepo.

(d) Jua. Hili ndilo lililoshuka bei kuliko vyote. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli duniani ilishuka kwa takriban asilimia 90. Kituo cha Garissa, kilichofunguliwa Desemba 2019, na kile cha Malindi ni mifano yetu. Jua pia lina uaminifu wake: unajua saa litakapotoka na saa litakapozama. Lakini hapo ndipo penye swali la yule ndugu. Linazama saa kumi na mbili jioni, na kilele huanza saa moja.

3. KIPEVU NA FERI YA AKIBA

Sasa twende Kipevu, hapa kwetu Changamwe. Mitambo ya huko huchoma mafuta mazito. Kituo cha kwanza cha dizeli kilianza mwaka 1999, cha pili, cha kampuni ya binafsi ya Tsavo, mwaka 2001, na cha tatu cha megawati 120 mwaka 2011. Kile cha Tsavo mkataba wake wa miaka 20 ulikwisha mwaka 2021. Kule Rabai, kaunti ya Kilifi, kipo kingine cha megawati 90.

Kwa nini mitambo hii ililetwa Mombasa? Sababu ya kwanza ni bandari, mafuta yanashukia hapa. Sababu ya pili ni umbali. Olkaria iko mbali, Masinga iko mbali, na sisi tuko mwisho wa waya. Stima ikisafiri mbali nguvu yake hupungua njiani, nayo mitambo iliyo karibu huisaidia isilegee. Sababu ya tatu ni utiifu. Dizeli ukiiwasha inawaka, iwe ni usiku, iwe ni ukame, iwe upepo umetulia.

Bei yake ndiyo shida. Kujenga si ghali sana, lakini kila yuniti inakula mafuta, na mafuta yakipanda duniani, kama yalivyopanda mwaka 2022 vita vilipozuka Ukraine, mstari wa gharama ya mafuta kwenye bili nao unapanda. Mvuke, upepo na jua ni kama kununua ngalawa yako: unaumia siku moja, baadaye ni matengenezo tu. Dizeli ni kama kukodi ngalawa ya mtu: unaanza na pesa kidogo, lakini unalipa kila uendapo baharini mpaka uzeeke.

Kuna gharama nyingine iliyofichika, nayo wana-Likoni wataielewa haraka. Kivukoni pale Likoni, kama feri zinazohitajika ni nne, huwezi kuwa na nne tu. Lazima iwepo ya tano, maana moja itaingia matengenezoni. Hiyo ya tano ikikaa bure bado inakula pesa: nahodha, mabaharia na rangi. Wapita njia husema, "Mbona ile imelala?" Siku moja ikiharibika ndipo watakapojua ilikuwa na kazi gani.

Kwenye stima ni hivyohivyo. Mikataba ya vituo vya aina hii kwa kawaida huwa na malipo mawili: malipo ya kukaa tayari, na malipo ya yuniti zilizotolewa. Ya kwanza hulipwa hata mtambo ukiwa umezimwa. Kwa hivyo tukisema stima ya jua ni rahisi, tuongeze pia bei ya kile kitakachofanya kazi jua likizama. Wenzangu tuliounga mkono hoja, hili hatukulisema.

Walakini akiba nayo ina kiasi chake. Huko Lamu palikuwa na mpango wa kujenga kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050. Wakazi walikwenda kwenye baraza linalosikiliza kesi za mazingira, na Juni 2019 leseni yake ikafutwa. Wengi walitaja moshi na samaki, na ni kweli. Lakini kulikuwa pia na hoja ya hesabu: nchi ambayo kilele chake wakati huo hakikufika megawati 2,000 ingefanya nini na kituo kimoja kikubwa hivyo, ambacho kingedai kulipwa hata kikikaa? Feri moja ya akiba ni busara. Feri tano za akiba ni kufilisika.

4. TUMBILI WA GITARU

Mpaka hapa nilikuwa nadhani stima ikikatika kosa ni la chanzo chake. Nilikuwa nimekosea tena.

Mnamo tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikazimika, mitambo mingine ikaelemewa, na nchi nzima ikakaa gizani kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alisalimika! Siku hiyo maji yalikuwapo na mvuke ulikuwapo. Kilichokosekana ni ukuta wa kumzuia tumbili.

Kisa cha pili ni cha Loiyangalani. Vinu vyote 365 vilikuwa vimesimamishwa kufikia 2017, lakini waya wa kuleta stima hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari. Kampuni ya Uhispania iliyopewa kazi ya kuujenga ilifilisika. Vinu vikazunguka bure, au havikuzunguka kabisa, mpaka waya ulipokamilika Septemba 2018. Mkataba ulisema wenye vinu walipwe hata kama waya haupo, na kwa hivyo Kenya ikalipa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo hakuna aliyeiona. Ilikuwa stima ya upepo yenye bei nzuri kwenye karatasi, lakini kuchelewa kwa waya kukaipandisha.

Kisa cha tatu wengi wetu twakikumbuka. Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, mnamo saa nne kasorobo usiku, nchi ilizimika. Sehemu nyingine zilikaa gizani hata siku ya pili, na uwanja wa ndege wa Nairobi nao ulikumbwa. Kenya Power ilisema kituo cha upepo cha Turkana kilijitoa ghafla kwenye waya. Wenye kituo nao wakasema vinu vyao vilijizima kujilinda, kwa sababu nguvu ya stima kwenye waya ilikuwa imezidi. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Ninachojifunza ni kwamba chanzo kimoja kikibeba mzigo mkubwa, kisha kikaanguka ghafla, lazima kuwe na kingine cha kuudaka mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutegemeka si sifa ya jua wala ya upepo peke yake. Ni sifa ya mfumo mzima: chanzo, waya, akiba, na mafundi walio macho.

5. FRIZA YA MAMANGU

Sasa turudi nyumbani. Mamangu huuza barafu za ukwaju na ubuyu, na siku za Ijumaa samaki. Mwaka jana transfoma ya mtaa wetu iliharibika, tukakaa bila stima siku mbili. Samaki waliharibika, barafu zikawa maji, na mama akapoteza shilingi 3,400. Ndiyo maana alitaka sola. Ami yangu naye alimwambia asisumbuke, eti sola ni mchezo wa watoto. Ikabidi nipime, badala ya kubishana.

Jumapili moja tulizima kila kitu nyumbani isipokuwa friza. Nikasoma mita saa moja asubuhi, nikasoma tena saa moja jioni. Ilikuwa imekula robo tatu ya yuniti. Basi kwa siku nzima ni yuniti moja na nusu. Tokeni za shilingi 500 zilikuwa zimetupa yuniti 19 hivi, baada ya kodi na tozo zote, yaani kama shilingi 26 kwa yuniti. Kwa hiyo friza hula shilingi 39 kwa siku, au shilingi 14,235 kwa mwaka.

Muuzaji alitaka shilingi 85,000 kwa paneli, betri, kibadilishi na ufundi. Gawanya: 85,000 kwa 14,235. Ni kama miaka sita kabla pesa kurudi. Nikamwuliza muuzaji betri itadumu muda gani. Akasema, "Ukiitunza, miaka mitatu au minne." Yaani betri ingekufa kabla ya kujilipa, na mama anunue nyingine! Paneli ni rahisi kweli, nazo hudumu hata miaka 20 na zaidi. Ghali ni kuihifadhi stima mpaka usiku.

Lakini ami naye hakusema kweli yote. Shangazi yangu anakaa Kinango, ndani, ambako waya haujafika kwao. Kwake kulinganisha sola na tokeni ni upuzi, maana tokeni hana. Yeye hulinganisha na mafuta ya taa na moshi wa kibatari. Taa yake ndogo ya sola alilipa kidogo kidogo kwa simu, mtindo ambao kampuni kama M-KOPA zimeuendeleza tangu 2012, na sasa ni yake kabisa. Kwa hiyo sola hiyohiyo ni ghali Changamwe na ni rahisi Kinango. Bei hutegemea ungetumia nini badala yake.

Tulifanya nini basi? Mama alinunua kifaa kidogo cha taa tatu na cha kuchaji simu, kwa shilingi 9,000. Sasa mimi na ndugu zangu hudurusu hata stima ikikatika. Friza tuliiacha kwenye tokeni, lakini tukajaza nafasi zote zilizo wazi kwa chupa za maji. Chupa hizo huganda ziwe mawe. Stima ikipotea, hatufungui friza ila kwa haja, na barafu ile huizuia baridi isitoke. Juzi stima ilikatika kuanzia alasiri hadi alfajiri, na hakuna samaki hata mmoja aliyeharibika. Chupa zilikuwa ni za soda, za kuokota. Betri yetu haikugharimu hata ndururu.

6. JIBU LANGU

Zile chupa ndizo zilizonifungua macho. Barafu ni stima ya mchana iliyowekwa kwa ajili ya usiku. Nikajiuliza, nchi nayo ina chupa zake? Inazo. Ni bwawa la Masinga.

Mchana, jua la Malindi na Garissa likiwaka, tunaweza kufunga maji ya Tana yasipite kwenye mitambo. Usiku, upepo wa Turkana ukivuma, tunaweza kuyafunga tena. Yale maji tusiyoyatumia hayapotei, yanangoja bwawani. Ikifika saa mbili usiku, watu wote Changamwe wamewasha taa, yanafunguliwa. Kwa hivyo, ndugu yangu wa Kidato cha Nne, ukiniuliza leo saa mbili usiku jua liko wapi, nitakujibu: liko Masinga.

Lakini nitakuwa mkweli pia. Mwaka wa ukame Masinga ni tupu, na jibu langu lina tundu. Ndiyo sababu tunahitaji mvuke zaidi wa kubeba mzigo wa kila siku, waya imara wa kufika huku pwani, betri kubwa kadiri bei yake inavyoshuka, na majirani. Novemba 2022 tulianza kununua megawati 200 za stima ya maji kutoka Ethiopia, na mvua zao si lazima zikosekane mwaka ambao zetu zimekosekana. Na mpaka hayo yote yawe yamekamilika, Kipevu iwe feri ya akiba, isiwe ndiyo safari ya kila siku. Ifungwe mtambo baada ya mtambo, si kwa siku moja kama nilivyotaka kwenye mjadala. Tusiache mbachao kwa msala upitao.

Wahenga walinena: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja cha moto, hata kiwe kikubwa vipi, huzimika kikiwa peke yake. Jua peke yake halitoshi, upepo peke yake hautoshi, maji peke yake yamekwisha kutuaibisha. Vikikaa pamoja vinashikana.

Nakomea hapo. Kama nimekosea hesabu mahali, walimu wangu wa Hisabati na Fizikia wanisahihishe. Na tukijadili tena hoja hii, naomba nipewe nafasi ya kuzungumza wa kwanza.

MSAMIATI

Wati: kipimo cha nguvu ya stima. Kilowati ni wati 1,000, na megawati ni kilowati 1,000.
Yuniti: kilowati moja ikitumika kwa saa nzima.
Kilele: saa ambazo stima hutumika kwa wingi kuliko saa nyingine.
Mvuke wa ardhini: mvuke wa moto utokao chini ya ardhi, huitwa pia jotoardhi.
Kibadilishi: chombo kinachogeuza stima ya betri iwe kama ile ya nyumbani.
Kinga: kijinga, yaani kipande cha ukuni chenye moto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya megawati na yuniti kwa kutumia mfano wako mwenyewe.
2. Kituo cha sola cha megawati 20 kikipata robo ya uwezo wake, kitatoa yuniti ngapi kwa siku?
3. Kwa nini vinu vya Loiyangalani viligharimu pesa hata kabla ya kutoa stima?
4. Pima chombo kimoja cha stima nyumbani kwenu kama nilivyopima friza. Kinakula shilingi ngapi kwa mwezi?
5. "Sola hiyohiyo ni ghali Changamwe na ni rahisi Kinango." Jadili.